Aliyebonyeza Kitufe

Habari iliyowasha benchi la Nubia, muuza kahawa wa uwanja wa kanisa, ilikuwa hii: marehemu Nicanor Argel, mpiga tarumbeta aliyeuchezesha mji wote ule wa kando ya mto Sinú, kaondolewa sura mtandaoni. Maelezo yake bado yamo kwenye kamusi elezo, ile inayoandikwa na kila mwenye simu. Picha ndiyo hakuna.

"Mtu kafa miaka sita, bado anasumbuliwa. Kakosa nini?" akauliza Wilfrido, muuza mitungi ya gasi, aitwaye Gasi kwa sababu mbili, ya pili ikiwa mdomo wake.

"Hakimiliki," akajibu Hermógenes. Huyu huitwa Wakili. Aliisoma sheria miezi minane, ikamshinda. "Binti yake, mwalimu Yadiris, alipandisha picha akaandika ni yake. Wenye kamusi wakamuuliza, wewe ndiye uliyepiga? Akasema hapana, ila baba ni wangu."

"Si kajibu?"

"Kwao hajajibu. Picha ni mali ya aliyeipiga. Siyo ya aliyepigwa, wala ya aliyeitundika ukutani akaipangusa vumbi miaka thelathini."

"Yaani sura hii, mama kahangaika nayo miezi tisa, ni mali ya mtu aliyekunja kidole mara moja?"

"Hiyo yako kaa nayo tu. Hakuna anayeigombea."

Wakacheka, isipokuwa Ovidio, aliyekuwa ananyoosha mgongo taratibu. Miaka arobaini alikuwa mpiga picha pekee mjini, na shukrani aliyopata ni jina la Fumbamacho, maana hakuna bibi harusi aliyetoka kwenye picha zake amefumbua. Ile ya Nicanor tu ndiyo iliyowafunga watu midomo: tarumbeta juu, mashavu yametuna, macho wazi yanacheka. Kila mtu alijua ni kazi ya Ovidio. Naye aliwaacha wajue.

Yadiris akatokea upande wa shule, picha mkononi, na karatasi.

"Shikamoo, Don Ovidio."

"Marahaba, mwanangu."

"Wanataka barua ya mpiga picha. Useme uliipiga mwenyewe, na kwamba unamruhusu yeyote duniani aitumie, hata kwa biashara, mradi akutaje."

"Hata muuza magodoro?" Gasi akadakia.

"Hata yeye."

"Basi sawa. Nicanor alipenda usingizi."

Yadiris hakumjali. "Nyingine zote zilikwenda na mafuriko, Don. Wanafunzi wangu wananiuliza, mwalimu, huyu babako mbona hana uso?"

Ovidio akashika kalamu. Wakili akakohoa, akaanza kumsomea aandike: "Mimi niliyetajwa hapa chini nathibitisha kuwa nilibonyeza kitufe..."

Kalamu ikasimama.

"Kamera ikiwa yangu, je?" akauliza Ovidio.

"Hawaulizi kamera. Wanauliza kidole."

"Na filamu niliyonunua?"

"Kidole, Don."

"Na aliyemfundisha mwenye kidole?"

Gasi akaweka kikombe chini. "Ngoja kwanza. Kidole cha nani?"

Angeweza kutia sahihi. Nani angempinga? Lakini Yadiris alikuwa anamtazama kwa macho yale yale ya kwenye picha. Ovidio akagusa pembe ya picha, palipokuwa na kipande cha shati jeupe.

"Hiki kiwiko ni changu. Siku ile ya sikukuu nilikuwa nacheza. Kamera nilimwachia mke wangu, Leocadia."

"Mzee wangu," Gasi akasema polepole, "miaka yote hii tumekuheshimu kwa ajili ya kiwiko?"

"Kisheria, kiwiko hakina hakimiliki," akaongeza Wakili.

Wakavuka uwanja wote wanne, Ovidio nyuma. Mkewe alikuwa kibarazani anamenya mihogo. Akavaa miwani, akaisoma karatasi mpaka mwisho, akatia sahihi.

"Mbona hukuwahi kusema?" Ovidio akamuuliza.

"Ulikuwa unajivunia vizuri. Ningekuachaje mtupu?"

"Na ulifanyaje mpaka akafumbua macho, mama?" akauliza Yadiris.

"Nilimsubiri. Mume wangu huyu akihesabu moja, mbili, tatu, watu wanashtuka."

Akanyanyuka, akaingia ndani, akarudi na bati la biskuti. Humo mlikuwa na picha mbili. Ya kwanza, Nicanor anafuta jasho. Ya pili, Nicanor amemshikia mwanamke kijana tarumbeta aipulize, mwanamke anacheka, hawezi. "Huyo ni mamako," Leocadia akamwambia, na Yadiris akakaa chini sakafuni. Mama yake alifariki akimzaa, na sura yake hakuwahi kuiona.

Leocadia akamwekea picha hiyo mapajani.

"Hii ya jasho nayo niandikie barua," Leocadia akamwambia Wakili. "Ulimwengu mzima na uitumie. Hii nyingine siandiki. Mwanangu, iweke mkobani uende nayo nyumbani."

"Kisheria, haki hiyo anayo," akasema Wakili.

"Nani kakuuliza?" akajibu Gasi, akamvuta mkono, wakaondoka.