Uzinduzi wa Daraja la Mwezi

Jumanne, 12 Aprili 1966. Asubuhi ukungu, kisha manyunyu. Barafu ya mto Sukhmenka imevunjika yote, maji yamefika kwenye uzio wa ghala. Binti yangu Lizaveta yuko katika mwezi wake wa kujifungua, na hospitali ya wazazi iko ng'ambo ya mto. Leo, Siku ya Wanaanga, tuliitwa ukingoni kuzindua daraja. Makamu Mwenyekiti wa wilaya, Ndugu Zabrodin, alipokea mkate na chumvi vya kumkaribisha mgeni kutoka kwa Bibi Glafira, mzee wa kijiji, akapanda juu ya trela. Nyuma yake kulikuwa na utepe mwekundu uliofungwa kati ya nguzo mbili. Mimi ndiye mwandishi wa mikutano ya shamba letu, kwa hiyo niliandika yote.

“Ndugu Mwenyekiti wa Shamba la Ushirika la Mapambazuko, Ndugu Katibu wa tawi la Chama, Ndugu Mkuu wa Ghala la Mbegu, ndugu wakamuaji bora, wakamuaji wa kawaida, na wakamuaji mnaotarajiwa kuwa bora, wastaafu wenye nishani na wastaafu mnaozisubiri: itifaki imezingatiwa! (Makofi.)

“Siku kama ya leo, miaka mitano iliyopita, kijana wetu aliizunguka dunia nzima kwa dakika mia moja na nane, na mimi, wakati huo nikiwa bado naibu wa idara ya mabomba, niliisikiliza habari hiyo redioni nikiwa nimesimama wima, jambo ambalo limo katika jalada langu. (Makofi.) Kabla yake tulirusha mbwa, baada yake tukarusha mwanamke, mwaka jana mtu wetu akatoka nje ya chombo akaelea angani kwa kamba, na Februari hii chombo chetu kimetua mwezini taratibu, kama yai kwenye majani makavu, kikatuletea picha za mawe ya huko. Nawauliza, ni nani aliyewezesha hayo? (Bibi Glafira: ‘Si wewe, baba!’ Kicheko.) Asante, mama. Ni mipango! Na kwa mipango hiyohiyo, kupitia mkakati jumuishi wa awamu tatu wa kuunganisha kingo, wilaya imetekeleza Daraja la Mwezi kwa asilimia mia moja na nne! (Sauti: ‘Hizo nne ziko wapi?’ Nyingine: ‘Tuonyeshwe kwanza hiyo mia!’) Hizo nne, ndugu, ni ari!

(Lizaveta ananibana mkono: ‘Mama, chupa imepasuka.’ Namgeukia Terenti Lukich, fundi wa trekta, mwenye mtumbwi. ‘Twende basi,’ namwambia. ‘Ndugu Zabrodin amenikataza nisiondoke mpaka amalize,’ anajibu.)

“Taarifa ya kukamilika imekwisha kutumwa mkoani, nao mkoa umenipongeza kwa simu, kwa jina langu na la baba yangu. (Makofi machache.) Kuanzia leo hakuna mjamzito wa kijiji hiki atakayeuogopa mto huu! (Lizaveta anapiga ukelele.) Naona akina mama wameguswa. Utukufu kwa wanaanga! Utukufu kwa madaraja! Leo Sukhmenka, kesho Mirihi!

“Mwisho, namshukuru kwa dhati Ndugu Terenti Lukich, aliyenivusha asubuhi hii, mimi na utepe huu, kwa mtumbwi wake imara, ingawa ilinibidi nichote maji kwa kofia yangu, na ambaye atanirudisha sasa hivi, kwa kuwa njia nyingine ya kuvuka hakuna.”

(Mto unasikika.)

Terenti alikuwa keshambeba Lizaveta. Kasia lilikuwa na ufa, basi Bibi Glafira akaukata utepe kwa kisu cha mkate, akalifunga.

“Huo utepe ni mali ya serikali!” Zabrodin akapaza sauti.

“Si ulikuja utepe ukatwe, baba? Umekatwa. Wewe kula mkate wako, chumvi ipo.”

Tulipofika katikati ya mto nilikuwa nachota maji kwa sufuria. Nilipogeuka nikamwona bado yuko juu ya trela, mkate mkononi, nguzo mbili tupu nyuma yake.

Ni msichana, mzima, ana sauti kubwa. Terenti anataka aitwe Luna, yaani Mwezi, Lizaveta amekataa. Nimemuuliza Terenti habari za Ndugu Makamu Mwenyekiti. Anasema atamfuata kesho, mto ukitulia.

Nimepewa benchi hapa hospitali. Nalala saa nne kasorobo usiku.