Umeme Mnaoniletea Umechoka

Kwa Ndugu Meneja wa Umeme,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na taa za ofisini zinawaka. Mimi ni mteja wako wa nyumba ya mwisho mtaani, kule juu kilimani, yenye spika mbili ndefu kuliko mwenye nyumba. Si mtu wa kulalamika ovyo. Nimekuwa utingo wa malori ya masafa marefu, nimevuka mipaka mpaka pasipoti ikaomba likizo, na muziki nimeusikiliza kwenye kumbi ambazo wewe, kwa heshima zote, ungeishia kwa bawabu. Shule niliiacha njiani, lakini masikio yangu yalimaliza masomo yote.

Nimenunua kebo ya umeme ya amplifaya yangu. Si kebo ya kuchezea: ni nene kama mkono wa mtoto mchanga, na muuzaji aliniapia kwamba nikiichomeka, mwimbaji atatoka kwenye spika aje kukaa nami kwenye kochi. Nimeichomeka. Kochi bado liko tupu. Nikairudisha ile nyembamba ya zamani, sauti ni ileile. Sasa, masikio yangu hayakosei, na kebo nene namna ile haiwezi kukosea. Nani amebaki, ndugu yangu? Ni umeme wenu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Umeme mnaoniletea umeshatumika. Unapita kwanza kwa fundi wa kuchomelea mageti, kisha kwenye mashine ya kusaga unga, ndipo unanifikia ukihema. Fundi simlaumu, ni rafiki yangu na mageti yake hayana mfano. Lakini kwenye spika zangu gita limeshika kutu, na yule mwanamama anayeimba ana unga kooni.

2. Waya wenu kutoka kwenye nguzo ni mwembamba kuliko kebo yangu. Mimi nimejenga mlango wa kuingiza tembo, ninyi mnanipitishia kuku.

3. Umeme unapanda kilima. Besi, kwa uzito wake, inachoka na kubaki bondeni. Kwangu zinafika filimbi na kengele tu.

4. Kebo haitakiwi kugusa sakafu, hivyo nimeilaza juu ya vikombe, na familia nzima inakunywa chai kwa mabakuli. Mke wangu alivumilia. Ila siku aliponikuta nimeiwekea mto, tena mto wake, aliniuliza: "Baba wee, mimi nilale shingo upande, waya ulale kifalme?" Nikamrudishia mto wake.

5. Hapa ndipo penyewe. Mke wangu ni fundi cherehani, anashonea barazani, na mvua ikinyesha anakimbia na vitambaa vya watu kichwani. Anaitaka sebule. Kaka yake, shemeji yangu mwenye mdomo, ameshakata kesi: Jumapili atakaa nyuma ya pazia akibadilisha kebo, nami nitaje ipi ni ipi. Nikipatia, sebule ni ya muziki. Nikikosea, spika zinakwenda stoo kulala na magunia ya mkaa. "Shemeji, waya ni waya," ananiambia, "tofauti utaisikia mfukoni." Majirani wameshaanza kuulizia viti.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, kabla ya Jumapili mnivutie waya wangu peke yangu kutoka kwenye mtambo, mnene, usiopita kwa mtu, na uje kwa kushuka. Ikibidi, uzungusheni nyuma ya kilima. Kama hiyo ni kazi kubwa, basi Jumapili mchana zimeni mji mzima, mniachie mimi tu. Mafundi wako watakula kwangu mpaka wafungue mikanda. Simfanyishi mtu kazi na njaa.

Nisalimie wasoma mita wote, hasa yule anayemkimbia mbwa wangu. Mwambie hana meno. Nisalimie na shemeji hapo nyumbani kwako, na kama naye anaitaka sebule, pole sana.

Wako katika kusikia tofauti,
Mteja wa Nyumba ya Mwisho

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, nilichomeka kebo nene, nikabonyeza, nikafumba macho. Ndugu Meneja, muujiza! Gita safi kama maji, ngoma zinagonga kifuani, kila pumzi ya mwimbaji naisikia. Nikamwita mke wangu aje ashuhudie. Akasimama mlangoni na pini zake mdomoni, akaniacha nisifu mpaka nikaishiwa maneno. Kisha akatoa pini moja moja na kuniambia kwamba umeme umekatika tangu asubuhi. Muziki ulitoka kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye bila umeme hana cha kunyolea, kwa hiyo ameweka redio ya betri dirishani.

Jumapili imefutwa. Shemeji amekuja kubeba spika, lakini kila akiinua kicheko kinamwangusha. Cherehani nimeiingiza mwenyewe, nimeiweka penye mwanga, na nisiseme uongo, sebule imempendeza mama watoto. Yale ya juu yote yafute. Nina ombi moja tu: umeme ukirudi, kinyozi atazima redio aanze kunyoa. Msiharakishe.