Bata Mwenye Kichwa Chekundu

Alhamisi, 8 Februari
Binti yangu, kitinda mimba, amepata kazi ng'ambo. Anaondoka Jumapili. Tangu mama yake afariki, nyumba hii ina sauti mbili tu: yake na ya friji. Nitaongea nini na friji? Nimelia kidogo karakanani, nikasingizia vumbi la mbao.

Ndipo wazo likanijia! Yeye na mama yake walikuwa wakipanda hadi bwawa la mlimani kumtafuta bata mwenye kichwa chekundu. Hawakumpata kamwe. Sasa akimwona, atataka kuona kiota, mayai, vifaranga. Nani aache vifaranga akapande ndege? Na mimi ni seremala. Nimeshamchonga. Mdomo umetoka bomba!

Ijumaa, 9 Februari
Nimemweka bata wangu wa mbao bwawani. Kamba, jiwe, maji ya kiunoni. Tope limemeza kiatu changu. Si neno.

Jumamosi, 10 Februari
Siku tulivu, jua, maji hayatikisiki. Korongo ukingoni, hana haraka. Na nani tumemkuta kwenye kibanda cha kutazamia ndege? Jirani yetu, mwalimu mstaafu, anayevaa darubini hata msibani! Nikanuna.

Binti akamwona bata. Akanishika mkono, akalia. Akasema ndege wa mama keshamwona, sasa anaondoka roho kwatu. Kwatu! Sikupiga hesabu hiyo.

Nikamwambia asubiri, huenda bata ana mayai. Mwalimu akadakia kwamba wenye kichwa chekundu ni madume. Mjuaji! Akaongeza kuwa tangu tufike bata hajageuza shingo. Nikasema labda ana mawazo.

Mara mlinzi wa bwawa akafungua lango, maji yaende mashambani. Nani alijua kwamba hufungua Jumamosi? Maji yakashuka, yakashuka. Bata akalala ubavu kwenye tope, misumari tumboni, kamba na jiwe nje nje. Hakuna aliyecheka, hata mwalimu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Binti akateremka, akamwokota, akampangusa kwa leso yake. Aliijua kazi ya mkono wangu. Akasema ningemwambia tu kwamba naumia. Nikajibu jua ni kali, turudi nyumbani.

Jumapili, 11 Februari
Ameondoka. Bata kamtia mkobani, kamfunga kwenye sweta. Mlangoni nikamshikia mkoba. Nikamwuliza kama amefunga zipu.

Nimepika cha watu wawili, mazoea. Sahani yake bado ipo mezani. Sina moyo wa kuiondoa.

Jumamosi, 17 Februari
Amepiga simu! Akauliza kama nimemkumbuka. Nikasema wapi, kazi zimenizidi. Ila bwawani kuna flamingo, jike, tena amelalia mayai. Inafaa aje ajionee mwenyewe.

Nikasikia anapenga kamasi. Kisha akasema kwa upole, "Haya, Baba. Niambie wakianguliwa."

Ameingia mtegoni! Nimenunua rangi ya waridi, nimechonga mpaka vidole vinauma. Shida ni ile miguu mirefu. Kila nikimsimamisha, anaanguka.