Programu Yangu ya Kukausha Mpunga

Jumatatu, 16 Juni 2025
Mzee Ladha, mwenye kinu cha mpunga hapa Kibiti, kabandika tangazo. Anataka mtu wa kuandika programu ya mashine mpya ya kukaushia. Nafasi moja. Yangu! Miaka kumi na moja natengeneza pampu, na kompyuta nimejifundisha mwenyewe. Cheti sina. Nikamuuliza kama cheti kinakausha mpunga. Akasema hakikaushi, ila kila mwombaji atapewa magunia matano. Atakayetoa mchele usiokatika ndiye. Tuko wawili tu. Mwenzangu ni Hajira wa Bi Mwantum. Kozi ya kompyuta kasoma Utete miezi sita, maisha yake mengine yote kaanika mpunga kwenye majamvi! Nimecheka mpaka nikapaliwa.

Jumanne, 17 Juni
Programu tayari. Mistari 212. Nimechungulia ya Hajira: 38. Maskini. Kutwa yuko uani kwa Mzee Ladha, anang'ata punje, anawauliza wakulima mpunga wao umetoka bondeni au mlimani. Nikamwambia mashine haina meno. Akasema ndiyo maana, kaka Husseini, anatafutwa mtu mwenye nayo. Wapakiaji wakaangua kicheko. Sikuona cha kuchekesha.

Alhamisi, 19 Juni
Siku ya mtihani. Magunia yangu mawili yametoka bondeni, mabichi. Matatu ya mlimani, kule Dimani, makavu. Programu yangu ikayapa yote dakika tisini kwa moto uleule. Haki sawa kwa kila gunia! Tukakoboa. Chenga asilimia 64. Hesabu nilipiga mwenyewe, hakuna wa kumlaumu. Ya Hajira inapima unyevu kila robo saa, inapunguza moto, mpunga ukikauka vya kutosha inazima. Chenga asilimia 7. Mzee Ladha akasema programu yangu ni safi kabisa, tatizo haijawahi kuonana na mpunga. Mbele za watu!

Jumamosi, 21 Juni
Hajira kaja nyumbani, na adabu zake zote. Anaomba nifanye naye kazi msimu mmoja, kwa mshahara: mimi nimfundishe nyaya, yeye anifundishe mpunga. Nimekataa. Mtu mzima nikang'ate punje? Tena kule deltani wanafungua kiwanda cha kugandisha kamba, nao wanatafuta mtu wa programu. Nimeshaimaliza. Mistari 340! Hao kamba nitawaona nikishaajiriwa.