Refa Hatolewi

Ijumaa, 1 Machi 2013
Benchi tena. Mpira huu wa Kiayalandi naupenda mno: unadaka, unakimbia, unapiga juu ya mtambaa panya, pointi. Namba yangu anaicheza Ndirangu, ninayeishi naye chumba kimoja hapa Al Rayyan, Qatar. Mimi ndiye niliyemleta! Valerie, yule nesi, alimpigia makofi. Nami nikapiga, kwa uchungu.

Jumapili, 3 Machi
Wazo limenijia nikilinda mlango wa maduka, Al Sadd. Refa hatolewi. Hakuna kocha wa kumpumzisha. Ningekuwa uwanjani mwanzo hadi mwisho, Valerie akinitazama. Niliota mchana kutwa. Mteja aliuliza duka la viatu, nikamwelekeza chooni.

Jumanne, 5 Machi
Kepteni, mwalimu kutoka Ayalandi, amesema kwamba refa wetu yuko likizo. Aliuliza kama nazijua sheria. Nikamwambia benchi limenifundisha zote. Nimepewa kipenga. Ndirangu anasema nimesalimu amri. Maskini, hajui.

Ijumaa, 8 Machi
Fainali. Jua lilikuwa linazama ndani ya vumbi, taa zimewashwa, uwanja wote rangi ya chai ya maziwa. Timu sare. Mlinda lango akapiga mpira mrefu. Ukakawia hewani, mweupe, taratibu, kama unatafuta mtu. Sikusikia kelele tena. Niliruka, nikaudaka juu ya kichwa cha Ndirangu, nikakimbia, nikapiga. Juu ya mtambaa panya! Mzee wa koti jeupe anayesimama langoni akainua bendera ya pointi, kwa mazoea.

Kisha nikatazama chini. Kipenga kilikuwa kinaning'inia shingoni mwangu.

Kepteni aliuliza kwa upole nachezea timu gani. Nikajipigia kipenga, nikaifuta pointi yangu mwenyewe. Niliporusha mpira upya, Ndirangu akaudaka na kufunga ya ushindi.

Jumamosi, 9 Machi
Kepteni amechukua kipenga. Khalas, imekwisha, alisema. Valerie ameniandikia kwamba hajawahi kuona mtu akidaka vizuri vile. Pia ameuliza kama Ndirangu ana mchumba. Nimeumia. Nimesoma sentensi ya kwanza tu, tena na tena, kazini.

Lakini nimefikiria. Kosa langu lilikuwa kukimbia. Mzee wa bendera anarudi kwao mwezi ujao. Kazi yake ni kusimama langoni, basi. Koti lake ni kama la daktari, na Valerie ni nesi. Na mipira hupita pale karibu kabisa. Mikono yangu ni mirefu.