Damu ya Manjano ya Viwavi wa Bibi

Jumatatu, 3 Juni
Wirot, niliyemzidi alama kila mwaka chuoni, amepewa maabara mjini Khon Kaen. Mimi nimerudi kijijini kwa Bibi Khamphun, anayefuga viwavi wa hariri. Wirot anadai kwamba kiwavi mwenye buu la nzi mwilini hupungukiwa sukari katika damu anapojivua ngozi. Upuuzi! Huongezeka. Nitathibitisha, na maabara hiyo itakuwa yangu. Nahitaji wagonjwa tu. Nimetoboa wavu wa banda, tundu dogo, nzi waingie watage kwenye viwavi wa ungo mmoja.

Bibi, ambaye macho yamemwisha, amekaa akiwasikiliza wakitafuna majani. Hariri ya safari hii ni yake: Mama ataifuma nguo ya kumvika akifa, siku ya kuchomwa maiti yake kwa desturi yetu.

Alhamisi, 6 Juni
Viwavi wamelala, wanajivua. Hapa kwetu hakuna apazaye sauti wakilala. Nimeingia na sindano. Damu ya manjano, safi kabisa! Bibi akauliza ni nani anayehema bandani. Nikajibu kwamba ni sayansi. Akasema basi sayansi ina mafua, ikapenge kamasi nje, wanawe wamelala.

Ijumaa, 7 Juni
Damu yote imegeuka nyeusi vichupani. Haipimiki. Niliowadunga wamekufa, ngozi imewavuka nusu. Waliosalia wana alama nyeusi za mabuu, ungo baada ya ungo. Nzi hawakuusoma mpango wangu.

Jumatano, 19 Juni
Mabuu yametoboa vifukofuko vya hariri ambavyo viwavi walijisokotea. Uzi ni vipande vitupu. Bibi alikipapasa kimoja, kidole kikazama tunduni. Akauliza sasa atavikwa nini. Mama, bila kunitazama, akasema dukani ipo nailoni. Bibi akacheka: haya, atamfikia marehemu mumewe akimetameta kama binti wa jukwaani. Kisha akaniuliza, mjukuu wake, kama walau nimemshinda yule Wirot.

Nikasema bado. Akanipapasa kichwa.

Jumapili, 30 Juni
Tumemchoma Bibi. Nailoni ilishika moto upesi mno. Wirot alikuja kutoa pole. Nikabishana naye kuhusu sukari hadi Mama akanivuta shati.

Nimelia sana. Hata hivyo, hoja yangu imesimama. Kasoro ilikuwa uchache wa sampuli. Shangazi Bunma, aliyenikumbatia muda wote, anafuga viwavi wengi kuliko Bibi. Nimemwomba nikaishi kwake kidogo, tufarijiane. Amekubali, maskini.