Kiu ya Marehemu Evanthia

Jumatano, 19 Februari
Likurgo amemwota mke wangu. Likurgo mfamasia, aliyemposa Evanthia kabla yangu akakataliwa! Ametangaza mkahawani, watu wote wakisikia: amevaa gauni la buluu, anatabasamu. Mimi, mumewe wa miaka arobaini na moja, tangu tumzike Oktoba sijaota hata kisigino chake. Nimerudi nyumbani bila kumaliza kahawa.

Alhamisi, 20 Februari
Nimepata sababu! Iko kwenye kamusi yangu ya Kigiriki cha kale, ile niliyofundishia. Wazee wetu walimwita maiti "alibas": asiye na unyevu, aliyekauka. Wataalamu wengine wanaibishia asili hiyo ya neno. Wabishe, wake zao wako hai. Evanthia ana kiu, hawezi kutembea mpaka kwangu. Likurgo anakaa karibu na makaburi, ndiyo maana kamfikia. Keshokutwa ni Jumamosi ya Roho. Kila nyumba itapeleka kanisani koliva, ngano ya kuchemsha, kwa ajili ya wafu wake. Nitaipika mwenyewe. Majimaji.

Ijumaa, 21 Februari
Dada yake Evanthia, Poliksene, kaja kukagua sufuria. "Shemeji, itandaze hiyo ngano kwenye kitambaa ikauke hadi asubuhi. Utaaibika." Nimemwambia yeye hajasoma. Alipoondoka nimeongeza vikombe viwili vya maji na kimoja cha divai. Nimelia kidogo juu ya sufuria. Nayo ni maji.

Jumamosi, 22 Februari
Aibu tupu. Sukari ya juu imeyeyuka, msalaba wa lozi umezama mbele ya padri. Za wenzangu zimekaa kavu, nyeupe. Padri amesoma jina la Evanthia huku akitazama dari. Likurgo kaomba bakuli: "Mwalimu, supu hii ya kuku au ya samaki?" Kaimaliza yote, hata hivyo. Halafu, tukiwa wawili tu, akakiri kwamba hakuota chochote. Alitamani tu kulitaja jina la Evanthia mbele ya watu. Nimemsindikiza hadi kwake.

Jumapili, 23 Februari
Amekuja! Alfajiri. Gauni la kijani, si la buluu, mikono ina sukari. "Mume wangu, ngano hukaushwa. Nikwambie mara ngapi?" Nikamuuliza kama ana kiu. Akacheka, akaenda zake. Nimeamka mto umelowa.

Hakukana kiu. Na kilichomleta ni maji, hilo halina ubishi. Kwa kalenda ya kanisa letu, Jumamosi ijayo ni ya Roho tena. Ngano kilo mbili, maji ndoo nzima.